Boti ya kijani ya Mwaloni: duka linalotufuata kisiwani

Boti hii ya duka huja kambini kwetu Jumanne na Ijumaa. Ziwa likitulia inafika saa nne asubuhi, upepo ukiwepo ni saa sita au saba. Ina mstari wa njano ubavuni na turubai la bluu juu, na kabla haijagusa mchanga mzee mwenye boti hupiga filimbi mara tatu. Haina jina lililoandikwa, ndiyo maana naieleza kwa rangi. Ukiuliza Mwaloni, soko la samaki la Kirumba pale Mwanza, sema boti ya kijani ya mzee wa filimbi, utaonyeshwa.

Mimi ni mama wa dagaa, kwenye kambi moja ya wavuvi upande wa kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Nina chanja nane za kuanikia. Nanunua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi inaporudi, naanika, nafunga magunia, napeleka Mwaloni. Marehemu mume wangu aliniachia mtumbwi na deni. Niliuza mtumbwi nikalipa deni, nikabaki na chanja. Wenzangu wa kambi za jirani wamenipigia simu mara nyingi kuuliza kama boti hii ni ya kuaminika, kama bei zake ni za kweli, kama wamwombe afike na kwao. Giza lililopita, yaani zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, nilitimiza mwaka mmoja na nusu nikiwa mteja wake, kwa hiyo nasema ninayoyajua, mazuri na mabaya.

Kwanza niwaeleze tulikotoka, hasa ninyi wa mjini ambao duka liko mlango wa pili. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi kukiwa na giza. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala. Basi mwezi mzima wa kazi ni kama siku ishirini, na ndani ya hizo ukitoa siku za upepo unabaki na kidogo. Giza halimsubiri mtu. Mwaka juzi kambi ya jirani betri zao tatu zilikufa siku ya nne ya giza. Wakatuma mtu Nansio, mji wetu wa wilaya, akakuta aina ile haipo, akarudi mikono mitupu, akatumwa Mwanza. Siku tatu. Nililala nikiziona taa za wengine zimejipanga ziwani kama barabara ya mjini, na upande wao weusi mtupu. Vijana kumi na wawili walikaa mchangani wanakula unga wa tajiri wao, mwenye mitumbwi, ambao mwisho wa giza ungekatwa kwenye hesabu yao. Hakuna aliyewaibia. Walikosa kitu cha elfu sabini tu.

Sasa boti. Ni ya mbao, ndefu, inasukumwa na injini ya Yamaha ya nguvu za farasi arobaini. Ndani kuna rafu pande zote mbili zenye vizuizi vya ubao ili vitu visimwagike mawimbi yakipiga. Unga, mchele, maharage, sukari, chumvi, mafuta ya kula, sabuni za kipande na za unga, dawa ya mswaki, daftari na kalamu za watoto. Upande wa pili ni vitu vya kazi: nyuzi za kushonea nyavu, sindano, maboya, kamba, betri, balbu za taa, nyaya, plagi za injini, oili, turubai za kufunikia dagaa mvua ikija ghafla. Mbele anakaa kijana wake, wakala wa pesa za simu, na hilo peke yake limetuokoa: zamani tulikuwa tunalala na fedha taslimu chini ya godoro mpaka mtu aende mjini.

Bei. Kilo ya sembe ambayo Mwanza niliiacha 1,800, kwake ni 2,000. Kioski cha hapa kisiwani ilikuwa 2,500, na baada ya boti kuanza kuja kimeshuka hadi 2,200. Nyuzi anauza karibu sawa na Mwaloni. Mafuta ya taa na petroli ndiyo ghali kwake, na kila mara namwambia. Anajibu kwamba anabeba kidogo kwa sababu hataki kulala na moto ndani ya boti ya mbao. Hilo nimelikubali.

Mizani yake ni ya kidijitali, ina stika ya Wakala wa Vipimo, na anaiweka juu ya meza upande wa mteja, si upande wake. Nimeshapima kilo yake kwenye mizani yangu ya dagaa mara nne. Imekaa sawa.

Lakini kilichonifunga kwake ni daftari. Mzee anaandika unachohitaji kabla hujakihitaji. Akishusha mzigo haondoki, anapita kwenye chanja, anaangalia nyavu zilizotandazwa, anauliza, "Dada yangu, turubai hili litafika masika?" Halafu anaandika. Ijumaa anakuja nalo. Usiponunua hanuni. Usipolitumia, likiwa halijafunguliwa, analirudisha na kukupa fedha yako au kitu kingine. Mwezi wa nne aliniuzia mfuko wa unga uliokuwa umelowa kwa chini. Niligundua jioni. Jumanne nilimwonyesha tu, hakunitaka maelezo, akanipa mfuko mzima na ule wa mwanzo akawagawia wenye kuku.

Likizo iliyopita binti yangu alikuja kutoka Malimbe, anasoma chuo kikuu pale SAUT, Mwanza. Alikaa nami mchangani siku mbili za boti, akimwangalia mzee anavyofanya kazi. Jioni akaniambia, "Mama, huyu mzee ni Grace." Nikadhani anamsema mwanamke. Akanisimulia, na tangu siku hiyo nimemsumbua kwa simu anisomee zaidi, kwa sababu habari yenyewe ni yetu kabisa ingawa ilitokea mbali.

William Russell Grace alizaliwa Ireland mwaka 1832. Kwao hawakuwa watu wa kulala njaa, lakini alikuwa mtoto asiyetulia. Akiwa bado kijana mdogo alitoroka na meli hadi New York, akafanya vibarua, akarudi. Kisha miaka ya mwanzo ya 1850 akaenda Peru na baba yake. Baba akarudi nyumbani. Kijana akabaki Callao, bandari ya Lima, akaajiriwa ukarani kwenye duka la kuuzia meli mahitaji yake: kamba, matanga, lami, nyama ya chumvi, maji. Mwaka 1854 jina lake likaingia kwenye jina la duka.

Hapo ndipo pa kusikiliza. Mbele ya pwani ya Peru kuna visiwa vitatu vidogo vinaitwa Chincha. Havina mti. Vimejaa ndege, na wengi wao ni jamaa za mnandi wetu huyu huyu, ndege mweusi anayezamia samaki. Simameni pale kivuko cha Kamanga, Mwanza, mtazame Jiwe la Bismarck lilivyopakwa weupe juu, mtaelewa. Tofauti ni kwamba kwetu mvua inaosha. Kule bahari ina mkondo wa baridi na mvua hainyeshi, basi mavi ya ndege yalirundikana karne kwa karne mpaka mahali pengine yakazidi mita thelathini kwenda juu. Wazungu walipogundua kwamba ni mbolea kali kuliko samadi yoyote waliyoijua, meli zikaja kutoka kila upande. Zilikuwa nyingi kuliko mahali pa kupakilia. Wakati mwingine zaidi ya meli mia moja zilikuwa zimetia nanga zikisubiri zamu, miezi na miezi, na mabaharia wanakula walichonacho. Kitu kikiisha, Callao ni kama kilomita mia mbili.

Wauza duka wa Callao walikaa Callao wakisubiri meli ije. Grace akachukua meli, akaijaza bidhaa, akaenda kuitia nanga pale pale Chincha katikati ya wanaosubiri. Duka linaloelea. Mwaka 1859 alioa binti wa familia ya watu wa meli kutoka Maine, Marekani, mke aliyejua bahari ni nini.

Binti yangu alipofika hapo nilimwambia asimame kwanza. Nilikuwa nimeshika kisu naparua sato wa jioni, nikakiweka chini. Kwa sababu nilimwona kwa mawazo mzee wetu akiwa Mwaloni, zamani, kabla ya boti. Yeye naye ni mtu wa kuja. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Kenya, akafika Mwanza kijana, akabeba magunia ya dagaa mgongoni miaka mingi pale Kirumba, uraia akaupata baadaye. Aliwahi kuniambia alichokuwa anafikiri akiwa chini ya gunia: kila mtu anayeshusha mzigo hapa anakimbia dukani kabla boti yake haijaondoka, na kila mara kuna kitu anasahau. Basi tafuta mtu aliyesahau.

Grace alihamia New York katikati ya miaka ya 1860. Kampuni yake ikakua, meli zake zikawa zinakwenda na kurudi kati ya Marekani na pwani ile ya Amerika Kusini. Mwaka 1880 Ireland ilipopata njaa, alichangia sehemu kubwa ya chakula kilichopelekwa na meli iliyoitwa Constellation. Mwaka huo huo wakazi wa New York wakamchagua meya. Haikuwa rahisi. Alikuwa Mkatoliki, na mji ule haukuwahi kuwa na meya Mkatoliki. Wapo waliowatisha watu kwamba shule za umma zitaangukia mikononi mwa mapadri. Alishinda kwa tofauti ya kura chache. Alikaa 1881 na 1882, akachaguliwa tena, akakaa 1885 na 1886. Mara ile ya pili alisimama bila Tammany Hall, chama cha wakubwa kilichozoea kupanga nani awe nani katika mji ule.

Nilimwuliza binti yangu alifanya nini cha kuonekana kwa macho. Akaniambia mwaka wake wa kwanza, 1881, kazi ya kufagia barabara iliondolewa mikononi mwa polisi ikapewa idara yake yenyewe. Mimi ninayeshusha magunia Mwaloni kipindi cha mvua nimeona hilo ni jambo kubwa kuliko hotuba. Na Juni 1885 lile sanamu la mwanamke mwenye mwenge lilipofika kutoka Ufaransa, limefungwa vipande vipande kwenye makasha zaidi ya mia mbili, yeye ndiye aliyekuwa meya wa kulipokea. Mgeni aliyeingia bandari ile mtoto bila kitu, akawa mwenyeji wa sanamu ambalo wageni wote waliofuata wangeliona kwanza.

Hapa kisiwani watu wameanza kusema mzee wa boti agombee udiwani. Wengine wanasema hata meya, jambo ambalo kwetu Ukerewe halipo, sisi ni halmashauri ya wilaya, tuna mwenyekiti. Labda Ilemela anakoishi, na huko pia lazima kwanza uwe diwani, kisha madiwani wenyewe ndio wanaomchagua meya kati yao. Wapo waliojibu haraka kwamba si mwenyeji. Hayo maneno yananichoma. Mtu amekula vumbi la Kirumba zaidi ya miaka thelathini, watoto wake wamezaliwa hospitali ya Sekou Toure pale Mwanza, bado ni mtu wa kuja? Na ninyi mnaosema hivyo, babu zenu walifika lini kwenye kisiwa hiki?

Lakini tathmini ni tathmini. Ninayo mambo mawili mazito.

La kwanza ni jaketi okozi. Boti inauza jaketi okozi, zimening'inia pale mbele kwa rangi ya chungwa, na mzee na kijana wake wanaendesha bila kuvaa. Nimesema, nimerudia. Sisi wa upande wa Ukara hatuhitaji kukumbushwa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikibakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Bwisya, tukazika watu zaidi ya mia mbili na ishirini. Wengine walionekana kutoka ufukweni. Mtu ambaye maisha ya kambi nne yamemtegemea hana haki ya kusafiri hivyo. Akizama yeye, tunarudi kwenye siku tatu za kufuata betri.

La pili limenikaa moyoni zaidi, na limetokana na ile habari ya Chincha. Nilimwuliza binti yangu swali ambalo mtu wa kambi lazima aulize: yale mavi alikuwa anachimba nani? Akanyamaza kidogo. Kati ya 1849 na 1874 Wachina wapatao elfu tisini au zaidi walipelekwa Peru kwa mikataba ya miaka minane waliyoitia alama za vidole bila kuisoma, na baadhi yao ndio waliochimba pale, kwenye vumbi linalochoma macho na koo, kwa sururu na toroli, chini ya fimbo. Wengine walijirusha kutoka majabalini. Grace hakuwa mwenye machimbo. Yeye alikuwa muuzaji wa meli. Duka lake lilielea mbele ya mwamba ule, likihudumia wanaosubiri, na waliokuwa juu ya mwamba hawakuwa wateja. Baadaye, akiwa tajiri, mwaka 1897 alianzisha New York taasisi ya kuwafundisha wanawake kazi bila malipo, kushona, kupika, kupiga taipu, na wahamiaji wengi wakafaidika. Ni jambo jema sana na nalisifu. Bado nawaona wale wa juu ya mwamba.

Nikaanza kuliangalia daftari la mzee kwa jicho jingine. Daftari lina majina ya matajiri tu, wenye mitumbwi, na sisi wenye chanja. Kibarua hana ukurasa. Kibarua analipwa mwisho wa giza, baada ya chakula na mafuta kukatwa. Katikati ya giza mfuko wake ni mtupu. Akitaka sabuni ya 500 anakwenda kwa tajiri wake, tajiri anaichukua kwa mzee kwa mkopo, anamwandikia kijana 700. Buti za mvua za 15,000 zinaandikwa 22,000. Boti imeshusha bei kwa kila mtu kisiwani isipokuwa yule aliye na kidogo kuliko wote. Na yeye ndiye anayekesha ziwani.

Nilimwambia mzee wazi, mwezi uliopita, mbele ya watu, nikimpa heshima yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada yangu, kibarua leo yuko hapa, giza lijalo yuko kisiwa cha Ghana, lingine yuko kisiwa cha Goziba. Nitamfuata wapi?"

Nikamwambia, "Na wewe uliyevuka ziwa zima ukaja kubeba magunia, nani alikuwa anakuuzia sabuni?"

Hakujibu. Alifunga turubai, akapiga filimbi ya kuondoka, akaenda. Nilifikiri nimempoteza, na usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu kambi hii bila boti ile ninaijua ilivyo.

Jumanne iliyofuata hakuja. Ilikuwa upepo, ziwa lote lilichafuka, sikumlaumu. Ijumaa alifika saa saba, hana jaketi, kijana wake kavaa. Baada ya kushusha mzigo akanivuta pembeni akanionyesha kijidaftari cha kurasa 48, cha shule, kipya. Kulikuwa na majina matatu ndani. Moja nalifahamu, ni kijana wa miaka kumi na tisa anayeshika taa kwenye mtumbwi wa tajiri mmoja hapa. Ameandikiwa buti, 15,000, kiwango cha mkopo kisizidi 20,000, kulipa mwisho wa giza kwa simu popote atakapokuwa, na namba ya kitambulisho chake cha NIDA pembeni. Tajiri wake amekasirika, amesema atanunua kwingine. Aende.

Kwa hiyo, kwa walionipigia simu: ndiyo, mwiteni. Ana nafasi ya kambi mbili zaidi siku ya Ijumaa, amesema mwenyewe, mradi kuna mwalo wa mchanga usio na mawe ya kuchana ubavu. Bei ni za haki, mizani ni ya haki, vitu vya nyavu na taa anavijua kuliko wauzaji wengi wa mjini. Betri agizeni Jumanne, msisubiri zife. Petroli leteni yenu. Lipeni kwa simu, kijana wa mbele hana makosa ya hesabu. Chupa na nailoni mrudishieni, anazibeba kwenda kuziuza Mwanza na ufukwe wetu umeanza kuonekana mchanga wake.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaiandika siku nitakayomwona mzee amevaa lile jaketi la chungwa, na kijidaftari kimefika ukurasa wa mwisho. Giza linaanza wiki ijayo. Yule kijana jana alipita mbele ya chanja zangu amevaa buti zake mpya kwenye jua kali, mchanga mkavu, na hakuna aliyemwambia avue.